Ukoo wa Igoma: Noah na sendofu ya Jumamosi

ALHAMISI

18:41 Dada Kabula: Mwadila wote. Narudia maana jana mlisoma mkanyamaza. Noah inalia. Ukiwasha injini tu, spika zinatoa wiiii. Ukikanyaga mafuta, nayo inapanda. Jumamosi ndiyo gari la muziki kwa sendofu ya Nyanzobe, Sengerema. Turubai lipo, viti vipo. Muziki sasa?

18:44 Masanja: Dada huyo ni mwali analilia kwao 😂

18:45 Mama Neema: 😂😂

18:45 Dada Kabula: Masanja sitaki. Tunaondoka saa 3 asubuhi.

18:46 Masanja: Saa 3 ya saa au saa 3 ya ukoo?

18:47 Dada Kabula: Ya saa. Kivuko cha kusingizia hakipo tena, daraja la Kigongo–Busisi lipo wazi tangu 2025. Doto, wewe mtu wa umeme mbona kimya?

19:26 Doto Geita: Nilikuwa kazini dada. Ukizima injini ukaacha redio inapiga, inalia?

19:27 Dada Kabula: Hapana. Shwari kabisa.

19:31 Doto Geita: Basi ni altaneta, ile inayochaji betri, inaingia kwenye muziki. Spika hazina kosa, msinunue nyingine. Zimeni kila kitu, chomoeni zile nyaya za RCA zinazoleta muziki kwenye amplifaya, nyekundu na nyeupe, halafu washeni tena. Kelele ikiisha, inatokea mbele, kwenye redio au kwenye nyaya hizo. Ikibaki, iko kwenye amplifaya yenyewe.

19:34 Doto Geita: Kwa vyovyote kagueni ethi, ule waya wa hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Inatakiwa ikamate chuma kitupu. Ikifungwa juu ya rangi, umeme unatafuta pengine pa kurudia, unapitia RCA, ndiyo hiyo wiiii. Pigeni msasa mpaka chuma kionekane, waya uwe mnene sawa na ule wa chanya, na mfupi, usizidi nusu mita.

19:36 Masanja: Si kuna kile kidude unachomeka kwenye RCA kelele zinakata? Nilikiona Buzuruga.

19:38 Doto Geita: Kipo, na kinasaidia. Ila vya bei ndogo vinapunguza besi. Kiwe cha mwisho kabisa.

19:39 Dada Kabula: Besi isiguswe! Baba Mdogo anaingia akicheza.

19:39 Masanja: Na mgongo ule?? 😂😂😂

19:40 Mama Neema: Muwekeeni kiti karibu 😂

19:41 Masanja: Na dawa ya kuchua

19:52 Dada Kabula: Mmemaliza? Nimefunua zulia la gari. Waya mwekundu wa betri na hizo RCA zimefungwa pamoja kwa tepu kutoka mbele mpaka nyuma. Nani alifanya hivi?

19:54 Doto Geita: Hiyo nayo ni sababu tosha. Zitenganishwe. Betri ipite upande mmoja wa gari, RCA upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane, zisilale sambamba.

20:03 Shija: Nilifanya mimi. Niliomba RCA ndefu ili nizungushe upande wa pili, nikaambiwa tumia hizo hizo. Hela ya ufundi sijaiona mpaka leo. Na ile ya Magu.

20:04 Dada Kabula: Magu imeingiaje hapa Shija?

20:06 Shija: Fundi wa nje mnamlipa kabla hajafungua boneti. Mimi naambiwa ahsante.

20:08 Shangazi Mhoja: Na tairi la akiba lililobaki huko huko Magu? Au hilo tusiliseme?

20:08 Masanja: [stika]

20:09 Dada Kabula: Masanja futa hiyo.

21:15 Baba Mkubwa: Wanangu. Mjukuu amenisomea yote. Shija ndiye aliyefunga, Shija ndiye atakayefungua. Hela yake ya Magu ilipwe kabla hajashika bisibisi. Gari la mama yenu halipelekwi kwa fundi wa barabarani. Habari ya tairi nisiisikie tena.

21:17 Shangazi Mhoja: Ndiyo kaka.

21:18 Doto Geita: Sawa Baba Mkubwa.

21:22 Masanja: Sawa baba.

21:23 Dada Kabula: Shikamoo Baba Mkubwa, tumesikia.

21:51 Dada Kabula: Haya, hela ya Shija. Mimi natoa nusu. Nusu nyingine nani?

22:30 Dada Kabula: Naona mnasoma.

IJUMAA

06:20 Shija: Mwangaluka. Nitapita leo nikitoka kazini. Niandalieni msasa na RCA ndefu. Hela nitaongea na Baba Mkubwa mwenyewe.

06:21 Dada Kabula: Ahsante kaka. Saa ngapi?

07:48 Neema: Shikamooni. Shangazi, nilipolipeleka Nyegezi lililia zaidi nikiwa nimechomeka chaja ya simu, na simu hiyo hiyo iko kwenye AUX. Nilipochomoa chaja kelele ikapungua. Sijui kama inasaidia.

07:50 Dada Kabula: Neema!! Jana yote ulikuwa wapi?

07:58 Doto Geita: Inasaidia sana. Chaja na redio zinakutana kwenye ethi. Shija anza hapo, jaribu bila chaja, ikiendelea ndiyo uingie kwenye zulia. Na kabla hujagusa waya wa chanya, toa hasi ya betri.

08:02 Dada Kabula: Mwenye spana namba 10 aseme. RCA naulizia mjini leo, nani ananichangia? Shija, saa ngapi?