Siku ya 11 bila sigara, hali mbaya kuliko nilipokuwa navuta. Nirudie mbili kwa siku?

Dereva wa Usiku
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma, mara nyingine navuka hadi Zambia. Nimevuta fegi miaka 14, pakti moja kwa siku, na safari ya usiku inazidi hapo. Jumatatu ya wiki iliyopita niliacha ghafla. Leo siku ya 11, sijagusa hata pafu moja.

Nilitegemea nitajisikia mwepesi, imekuwa kinyume. Asubuhi nakohoa mpaka machozi, natoa makohozi ya kahawia yana vidoa vyeusi, na enzi za kuvuta sikuwa nakohoa hivi. Nalala saa sita, saa nane usiku macho kodo, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Choo kigumu, siku ya nne leo. Mdomoni vidonda viwili. Hasira ndiyo usiseme, juzi nimemfokea mke wangu kwa sababu ya kijiko. Kijiko, wakuu!

Utingo wangu na mafundi wa gereji wananiambia mwili ukishazoea moshi, ukiukatia ghafla unaugua. Wananitajia mzee mmoja aliacha, miezi mitatu akafariki. Ushauri wao nirudie mbili, asubuhi na jioni, nishuke nazo taratibu. Kuna ukweli? Nikotini inatoka baada ya siku ngapi, na haya mateso yanaisha lini?

Njiani sasa hivi nasukuma na kahawa tu, themosi ya lita moja kila usiku kama zamani.

Kijiwe Nongwa
Huyo mzee aliyeacha akafa yupo kila mtaa, hata kwetu Mbagala tunaye. Ukimuuliza mjane wake atakwambia aliacha kwa sababu alishaanza kutema damu. Watu wanahesabu kuanzia siku aliyoacha, hawahesabu miaka 40 aliyovuta.

Nesi wa Zamu
Pole kaka, na hongera. Nakujibu kwa kirefu maana naulizwa hili kila wiki.

Nikotini yenyewe haikai. Kila baada ya saa mbili hivi, iliyo kwenye damu inapungua nusu. Siku ya tatu imebaki ya kutafuta kwa tochi. Kinachokawia ni kotinini, masalia yake baada ya ini kuivunja, nayo ndani ya wiki moja na kidogo imekwisha. Ile kaboni monoksidi ya moshi iliyokuwa inakaa kwenye nafasi ya oksijeni katika damu iliondoka ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo leo, siku ya 11, nikotini na kaboni monoksidi ulizokuwa unavuta haziko tena kwenye damu.

Sasa kinachokutesa nini? Ubongo. Kuna vipokezi ambavyo nikotini inatua juu yake. Ukivuta miaka 14, ubongo unaviongeza. Umeacha, vyote vimekaa mlangoni vinasubiri mgeni asiyekuja, ndiyo arosto hiyo, ndiyo hasira ya kijiko. Siku ya pili na ya tatu huwa mbaya kuliko zote, kisha inapungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Vipokezi vyenyewe hurudi kiwango cha mtu asiyevuta kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ukirudia mbili kwa siku unavipelekea chakula kidogo ili visiondoke. Hapo utakuwa unaanza siku ya kwanza kila siku.

Kikohozi: njia zako za hewa zina vijinywele vidogo mno vinavyofagia uchafu kuupandisha juu. Moshi ulikuwa umevilaza. Vimeamka vinafagia. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki chache, kwa wengine miezi. Choo na vidonda vya mdomo navyo ni kawaida kwa anayeacha, nikotini ilikuwa inausukuma utumbo. Maji, papai, mboga za majani, na ukisimama mizani shuka utembee.

Mchonga Mihogo
Mimi napingana kidogo na Nesi. Niliacha kwa kupunguza, kutoka 15 hadi 10, hadi 5, hadi sifuri. Nina miaka sita sasa.

Nesi wa Zamu
@Mchonga Mihogo hongera, wapo wanaofanikiwa hivyo. Lakini wewe ulikuwa unashuka ngazi. Mwenzetu ameshafika chini, unamwambia apande tena ili ashuke vizuri?

Mzee wa Duka la Dawa
Nashangaa hakuna aliyeigusa hiyo themosi.

Moshi wa sigara (moshi, siyo nikotini) unalifanya ini livunje kafeini haraka. Ndiyo maana wavutaji wanakunywa kahawa kama maji na wanalala. Ukiacha, ndani ya wiki hivi ini linarudi mwendo wake wa kawaida na kahawa ileile inakaa kwenye damu karibu maradufu. Lita yako moja sasa inafanya kazi ya lita mbili. Moyo kudunda saa nane usiku, nusu ya kesi naipeleka huko. Kata iwe nusu themosi. Na ukisinzia barabarani, egesha gari ulale, usilazimishe kwa kikombe kingine.

Kwa wengine wanaosoma: kama unatumia aminofilini ya pumu, au klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, jambo hilihili linakuhusu, kiwango cha dawa kinaweza kupanda ukiacha sigara. Wa insulini nao sukari inaweza kubadilika. Mwambie daktari wako kabla.

Bazoka za nikotini, za kumsaidia anayeacha sigara, zipo kwenye baadhi ya maduka makubwa ya dawa Dar, ila bei iko juu. Kama ulikuwa unawasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, ni za miligramu 4. Usitafune kama jojo. Tafuna mpaka iwashe, ibane kati ya shavu na fizi, ikipoa tafuna tena. Na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake, haitafanya kazi vizuri. Ila kwa aliyevuka siku 11 mikono mitupu, sioni sababu, labda uzidiwe kabisa.

Binti Urambo
Nimekulia kwenye tumbaku. Ukivuna majani yana umande asubuhi, nikotini inapita kwenye ngozi. Baba alikuwa anarudi shambani anatapika, kichwa kinamzunguka, na hajawahi kuvuta hata moja maishani mwake. Nakwambia ili usije ukadanganywa uhamie ugoro ukidhani umeacha. Ni mdudu yuleyule, kabadilisha mlango.

Kijiwe Nongwa
Na jiandae na kitambi mkuu. Mimi niliongeza kilo tano mwaka wa kwanza, naambiwa ndiyo wastani. Shemeji yenu anasema afadhali kitambi kuliko kumbusu jiko la mkaa.

Mama Wawili Tanga
Kikohozi kikivuka wiki mbili, usijifariji kwamba ni vijinywele. Nenda kapime TB, hasa kama kuna jasho la usiku, kupungua uzito au damu. Wavutaji wanaipata zaidi, na nyie mnalala kwenye kabini vioo vimefungwa. Kwenye vituo vya serikali ni bure.

Usiku wa Ramadhani ndipo mume wangu alikuwa anaangukia kwenye sigara. Mwezi mzima mchana hana habari nayo, futari ikiisha tu anatoka uani. Siku moja nikamwuliza, "Baba fulani, hizo saa 13 unaziwezaje?" Akanyamaza. Tatizo halikuwa mchana, lilikuwa lile benchi la uani na kiberiti. Tulilihamisha benchi. Tafuta benchi lako liko wapi.

Dereva wa Usiku
Mrejesho, siku ya 19. Asanteni sana wote.

Kahawa nimekata nusu, na baada ya saa tano usiku sigusi. Usiku wa tatu nililala mpaka saa kumi na moja alfajiri, utingo akadhani naumwa. Choo kimefunguka, papai za Chalinze zimefanya kazi yake. Makohozi nilipeleka kupima, hakuna TB. Bado nakohoa ila yamekuwa meupe.

@Mama Wawili, benchi langu nimelipata. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na pakti ina tisa, nilikuwa naiacha "kwa dharura". Leo nimeshuka nayo, nimeifungua nikaimwagia chupa nzima ya maji mpaka zikavimba. Mama muuza machungwa pembeni ameniangalia, akaniuliza kama nilikuwa siwezi kumpa tu mtu mwingine.