Naomba ushauri: mdogo wa mwenye kisukari aina ya kwanza, nimpime nini?

Habarini ndugu, na shikamooni wakubwa. Nipo Moshi, Pasua. Binti yangu ana kisukari aina ya kwanza, anachoma insulini. Sasa wasiwasi umehamia kwa mdogo wake wa miaka 9: akiamka usiku kukojoa, naamka naye na glukomita mkononi. Sukari yake bado iko sawa.

Jirani aliniambia kuna chanjo. Kufuatilia, kumbe bado inatafutwa. Hata BCG, ile ya kovu begani, Boston wanaijaribu kwa watu ambao tayari wanaumwa. Kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2022 ni teplizumabu, dripu ya siku 14 inayochelewesha tu ugonjwa, kwa wa miaka 8 kwenda juu ambao kingamwili (alama za kwenye damu kwamba kinga ya mwili imeanza kushambulia kongosho) zimeshaonekana na sukari imeanza kuyumba. Hiyo si chanjo, jamani.

Maabara niliyokwenda walimpima wastani wa sukari ya miezi mitatu, kitu ambacho sikukiuliza; nilitaka kingamwili.

Naombeni kujua: Moshi au Arusha, wapi wanapima kingamwili za kisukari, kama GAD? Na zikionekana, huku dawa yenyewe siimudu, kuna la kufanya zaidi ya kumwangalia kwa karibu?