Michezo na vifaa vya nyumbani kwa bibi na mjukuu wasioona

Muulizaji, Tanga
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mwanangu wa miaka 9 haoni tangu kuzaliwa, na sasa anajifunza nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, shuleni. Bibi yake, ambaye tunaishi naye, amebakiwa na uoni hafifu kutokana na presha ya macho, wala hapendi kuwekwa pembeni kama mgonjwa. Natafuta michezo watakayocheza pamoja na sisi tunaoona, na vitu vya kuwarahisishia shughuli za kila siku, bila kulazimika kuagiza kila kitu kutoka nje.

Seremala
Anza na bao. Mashimo yake 32 na kete 64 husomeka kwa vidole, na katika mabao mengi nyumba, yaani lile shimo maalumu la kila mchezaji, huchongwa mraba, kwa hiyo anayeipapasa hujua papo hapo mkono wake uko wapi. Kubalianeni kwamba kila mchezaji atataja shimo analoanzia na upande anaokwenda, na kwamba asiyeona ana ruhusa ya kupapasa pande zote mbili kabla ya kucheza. Mashimo yawe na kina, ili kete zisimwagike zinapoguswa. Dhumna nazo zinafaa, ilimradi vidoto vyake viwe vimechimbwa, si kupakwa rangi tu.

Mwalimu wa nukta nundu
Naunga mkono, nami nikiwa mtu nisiyeona. Kwa mtoto ongeza mchezo wa kukimbiza damu: golboli, ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, hutumia mpira wenye kengele ndani, na wachezaji wote huzibwa macho. Nyumbani tandazeni kamba sakafuni na kuifunika kwa utepe, ili mstari wa goli uhisiwe kwa mguu au kiganja; kisha kaka na dada zake nao wafungwe vitambaa, wacheze naye kwa haki.

Muuguzi wa macho
Kwa bibi, jambo kubwa ni rangi zinazopingana. Chai aimiminiwe katika kikombe cheupe na maziwa katika kikombe cheusi, naye ataona kimejaa kiasi gani; kingo za ngazi zibandikwe utepe wa njano. Mkebe wa chumvi ufungwe mpira wa bendi, wa sukari uachwe hivyo hivyo. Katika simu ya Android, washeni TalkBack, ambayo husoma kilicho kwenye kioo kwa sauti, hata kwa Kiswahili.

Nasisitiza jambo moja zaidi: uoni uliokwisha kupotea kwa presha ya macho haurudi, lakini dawa huulinda uliobaki, hivyo asiache matone hata siku moja. Ikiwa anatumia chupa mbili zinazofanana, ile ya usiku nayo ifungwe mpira wa bendi, ili aweze kujitilia mwenyewe.