Paja limegoma baada ya shuti, naombeni ushauri

Mgebuka: Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma. Nilipiga shuti la mbali nikasikia "pa!" mbele ya paja, katikati. Kupanda ngazi ni shughuli, na nikikaza mguu kuna donge linatokeza. Msuli gani huu, na unapona lini?

Dagaa Mkavu: Umri umekwenda mkuu, hamia kwenye bao.

Fizio Mstaafu: Hiyo ni rektasi femorisi. Mbele ya paja kuna misuli minne ya kunyoosha goti. Mitatu inaanzia kwenye mfupa wa paja, huu peke yake unaanzia kwenye nyonga, kwa hiyo unainua paja pia. Ukirudisha mguu nyuma upige shuti, goti limekunjwa, msuli unavutwa juu na chini, halafu unaulazimisha ujikaze ghafla. Hapo ndipo unapochanika. Umeufanyia nini?

Mgebuka: Nimepumzika tu.

Fizio Mstaafu: Tu?

Mgebuka: Jana mzee mmoja Ujiji kanikanda kwa maji ya moto na mawese, akamalizia na kiwiko. Anajua kazi yake, msimseme. Halafu Jumapili nina fainali, hela yao nimeshakula.

Mama Gungu: Mawese yana kosa gani? Mume wangu aliteguka akishusha dagaa Kibirizi, nikamkanda mpaka akacheza ngoma. Asingekuwa mlevi hata asingeteguka.

Fizio Mstaafu: Mama, kuteguka ni kiungo. Msuli uliochanika unavuja damu ndani. Joto na kukandwa kwa nguvu siku za mwanzo huzidisha, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya nyama. Barafu juu ya kitambaa, bandeji, mguu uinuliwe. Mchaniko mdogo tu ni wiki kadhaa. Goti lisiponyooka, wahi hospitali wakupige ultrasaundi.

Mgebuka: Na nikichomwa sindano ya ganzi, nicheze kipindi kimoja?

Mtumishi: Jumapili ni ibada, kijana.

Reli ya Kati: Chai hii! Mwezi uliopita ulileta uzi hapa, wewe mama ntilie wa Mwanga, mjamzito wa miezi saba. Leo unapiga mashuti?

Dagaa Mkavu: Ongeza sukari 😂

Mgebuka: Akaunti tunatumia na mke wangu.

Reli ya Kati: Mpe simu aseme.

Fizio Mstaafu: Awe nani, mwenye paja anijibu: goti linanyooka?

Mgebuka: Nusu. Ila nikivaa bukta ndefu donge halionekani.