Mjadala: Mtangazaji mpole wa vipindi vya watoto anamjenga mtu kweli au anabaki kumbukumbu tu?

NyegeziKwetu:
Wakuu habari za jioni. Siku hizi naangalia sana vipande vya zamani vya Fred Rogers, yule mzee wa Marekani mwenye kipindi cha Mister Rogers' Neighborhood kilichoanza 1968 kikaisha 2001. Anaingia ndani, anavua koti anavaa sweta, anabadili viatu, analisha samaki, halafu anakuangalia usoni anaongea taratibu kama mko wawili tu sebuleni. Hakuna makelele, picha hazikimbizwi. Hoja yangu ni kwamba mtu wa namna hiyo anaacha kitu ndani ya mtoto mpaka anazeeka, na TV zetu zinahitaji mtu mzima kama yule, siyo katuni tupu. Hasa huku kwetu Kanda ya Ziwa ambako baba akifungua mdomo mbele ya mtoto ni amri au tusi. Karibuni.

KirumbaMwaloni:
Ulianza vizuri hapo mwisho umeharibu. Baba yupi huyo wa amri na tusi? Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, usiku kucha ziwani na karabai, asubuhi akiamka tunakaa naye chini ya mwembe anatufundisha kushona nyavu, anashika kidole changu anakipitisha kwenye jicho la wavu, "hapa, sasa vuta, usikaze", nikikosea anafumua tunaanza upya na sauti haijapanda hata kidogo. Usitusemee baba zetu.

Igoma_Mwisho:
Nakazia. Na shikome je? Wasukuma tulikuwa tunakaa na wazee jioni kwenye moto wanatufundisha maisha, Rogers hajazaliwa. Mnapenda sana kuona wema ukiwa na ngozi nyeupe.

NyegeziKwetu:
Hilo la ngozi nimekataa kabisa. Huyo huyo Rogers mwaka 1969 alimkaribisha kwenye kipindi François Clemmons, mtu mweusi anayeigiza polisi, wakaweka miguu pamoja kwenye beseni moja la maji, enzi ambazo kule weusi walikuwa bado wanafukuzwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Mtoto wa miaka minne aliona ile beseni bila kuhubiriwa chochote. Hiyo ndiyo nguvu ninayoisema.

Mzee_wa_Kamanga:
Vijana, mimi nina wajukuu. Upole peke yake haulei. Sisi tulichapwa tukanyooka. Na huyo mnayemsifia nilisikia alikuwa mdunguaji jeshini, Vietnam huko, ndiyo maana anavaa mikono mirefu, anaficha tatuu.

Mwl_Chekechea:
Mzee wangu shikamoo. Hiyo habari ni uzushi wa mtandaoni wa miaka mingi. Rogers hakuwahi kuwa mwanajeshi, alikuwa mchungaji wa Presbyterian, aliwekwa wakfu 1963 ili afanye kazi hiyo hiyo ya watoto kwenye TV. Yale masweta mengi alifumiwa na mama yake mzazi.
Turudi kwenye mada jamani. Kuna utafiti wa zamani, 1973, wa Friedrich na Stein, walichukua watoto wa chekechea wengine wakaangalia katuni za mapigano, wengine Rogers, wengine filamu za kawaida. Wale wa Rogers walionekana kuvumilia zaidi kwenye kazi, kusubiri zamu na kufuata taratibu za darasa. Sasa mimi darasani kwangu, hapa Mwanza, watoto arobaini na kitu, najua kusubiri zamu ni kitu kikubwa kiasi gani.

Igoma_Mwisho:
Mwalimu kwa heshima, hao waliangalia wiki nne tu. Mleta mada anasema mpaka uzeeni. Wiki nne na uzeeni wapi na wapi.

BintiNansio:
Nyie mnaongelea TV, huku Tanzania bara tulikuwa hatuna TV mpaka miaka ya 90. Sisi wa Ukerewe tulikuwa na RTD, redio ya taifa, na kipindi cha Mama na Mwana, Deborah Mwenda anasimulia. Redio iko kwa jirani, betri zimeanikwa juani ili zisukume japo kipindi hicho kimoja, watoto tumekaa chini kimya, hata wale watundu. Nina watoto watatu sasa na nikiwasimulia hadithi najisikia kabisa natumia mapumziko yale yale ya Deborah, alivyokuwa ananyamaza kidogo kabla ya jambo kubwa. Sikufundishwa chuoni hiyo. Kwa hiyo mimi nasema ndiyo, inabaki.

Buhongwa_Juu:
Asante dada Binti wa Nansio. Ila nirudi kwa hawa kaka zangu. Mtu kasema neno moja kuhusu baba, wanaume wote mmekuja mbio kujitetea, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna mtoto wa kike humu ambaye ni kweli lilimkuta. Mimi baba yangu hakuwahi kuniita kwa jina. "Wewe." Mpaka naolewa, "wewe". Nilivyokuja kumuona huyo Rogers nikiwa mtu mzima, kuna kisa chake kuwa mtoto asiyeona alimwandikia barua kwamba ana wasiwasi samaki hawajala maana yeye hawaoni, basi kuanzia hapo akawa anatamka kwa sauti kila anapowalisha. Nililia jamani. Mwanaume mzima anasema "nalisha samaki sasa" kwa ajili ya mtoto mmoja.

KirumbaMwaloni:
Pole dada, lakini "wanaume wote mmekuja mbio" siyo haki. Mimi nimetoa ushahidi wa baba mmoja ninayemjua. Baba yako asitumike kuwapima wavuvi wote wa ziwa hili.

Buhongwa_Juu:
Na baba yako asitumike kuwasafisha wote. Nimesimulia barua ya mtoto asiyeona wewe umeona neno "wanaume" tu.

Mzee_wa_Kamanga:
Binti, baba zako walikuwa na shida. Mtu ana ekari za pamba, bei imeanguka, watoto tisa, unataka akuangalie usoni aongee taratibu?

Buhongwa_Juu:
Ndiyo mzee wangu, nataka. Kuniita jina hakukuhitaji bei ya pamba.

Mwl_Chekechea:
Dada hapo nakuunga mkono kwa moyo wote.

Mabatini_B:
Mimi niseme la katuni maana mleta mada kaidharau. Ubongo Kids imeanza 2014 hapa hapa Tanzania, na Akili and Me ina yule binti wa miaka minne anayelala anaingia Lala Land, mwanangu kajifunza kuhesabu pale. Wamefanya hata utafiti Morogoro kwa watoto wa awali wakakuta wanapata kitu. Hatuhitaji mzee wa sweta, joto la Mwanza hili.

NyegeziKwetu:
Kuhesabu sawa. Lakini Rogers aliongelea talaka, aliongelea kifo, samaki wake alikufa akamzika mbele ya kamera. Mtoto wa mwaloni ambaye baba yake hakurudi na mtumbwi nani kwenye TV anaongea naye? Hapo nataka mtu mwenye uso.

Igoma_Mwisho:
Hapo kidogo umenigusa. Ila nani atalipa? Stesheni zetu zinataka matangazo ya soda.

NyegeziKwetu:
Kule pia pesa ilitaka kukatwa. 1969 Rogers alikwenda mwenyewe mbele ya seneta Pastore kuitetea televisheni ya umma, dola milioni 20, akaongea dakika chache kwa sauti ile ile ya kipindini, akawasomea maneno ya wimbo wake wa mtoto mwenye hasira asiyejua afanye nini nayo. Pastore akakubali pale pale. Kwa hiyo atalipa anayeshawishiwa, shida hatuna anayekwenda kuomba.

KirumbaMwaloni:
Basi akae mvuvi kwenye hicho kipindi. Mwanaume wa huku, ana wavu mapajani, anashona anaongea na watoto. Watoto waone baba anaongea vizuri, wasiishie kuwasikia humu mkiwasema vibaya.

Buhongwa_Juu:
Hilo ningeangalia. Awaite majina.

Igoma_Mwisho:
Na aongee Kisukuma, babu zetu hawakutufundisha kwa Kiswahili kwenye shikome.

BintiNansio:
Kisukuma tena? Sisi Wakerewe na Wajita tukaangalie wapi? Kiswahili hicho hicho, Mama na Mwana tuliielewa wote.

Igoma_Mwisho:
Dada Nansio mtoto wa Magu kijijini anaanza kuota kwa Kisukuma, unataka apewe upole kwa lugha ya shule?

Mzee_wa_Kamanga:
Hapo Igoma yuko sahihi, na wala msimkatize.