Tupeane uzoefu: nani ameshapeleka watoto wadogo makumbusho ya reli?

Mama Kulwa (Nyakato)
Wadau, habari za jioni. Kulwa na Doto wangu wana miaka mitano na wamepagawa na treni. Tukipita Stesheni mjini lazima tusimame, hata kama hakuna behewa linalosogea. Likizo hii tunakwenda kwa dada yangu Nairobi, na baba yao anataka tuwapeleke makumbusho ya reli ya kule. Mimi nahofia hawatamaliza hata nusu saa, waanze "mama njaa, mama choo". Waliokwenda na watoto, iwe Nairobi au kwingine, mwageni uzoefu. Bei nitauliza mlangoni, nataka yaliyowakuta.

Baba Neema
Wapeleke, ila usianzie ndani. Ndani kuna picha za zamani, vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula, mitambo ya simu. Mimi nilifurahi, Neema akaanza kunivuta shati. Uhai uko nje uani, kwenye vichwa vya treni za mvuke.

Kuna kimoja kinaitwa Mount Gelai, namba 5918. Mzigo wa chuma wa zaidi ya tani 250. Nikamwambia Neema ahesabu magurudumu. Akatembea upande mmoja akigusa moja moja, mengine makubwa kumpita yeye, mengine madogo, akafika 14. Akazunguka upande wa pili, 14 tena. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vyangu. Hiyo 28 anaitaja mpaka leo kwa kila mgeni anayeingia nyumbani.

Mwambie pia baba yao awaonyeshe lilivyopangwa: boila limekaa katikati, limebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila moja inageuka kivyake kwenye kona. Ndiyo maana dude refu namna ile liliweza kupita reli yetu nyembamba yenye kona kali. Aina hiyo ilitengenezwa Manchester miaka ya 1950 ikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wetu, kule karibu na Ziwa Natron. Jirani yake pale uani ni Mount Shengena, wa Upareni. Nilijikuta natembea kifua mbele kama mwenyeji.

Angalizo: vyuma vinachoma mchana, na grisi haitoki kwenye nguo. Wavalishe raba, si kandambili, na nguo za kuchezea.

Shangazi wa Igoma
Baba Neema hujataja behewa la simba! Mwaka 1900, pale Kima, ofisa wa polisi anaitwa Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Simba ndiye aliyemvizia yeye, akaingia akamtoa dirishani. Behewa lenyewe liko pale. Mpwa wangu mkubwa alisikiliza macho yamemtoka, akataka aingie. Mdogo wake aliuliza swali moja tu: "Simba alifunguaje mlango?" Nikajibu vizuri tu kwamba ulikuwa wa kusukuma pembeni na haukufungwa. Basi usiku kucha nyumba nzima hatukulala, kila dakika "shangazi, mlango umefunga?" Kwa wa miaka mitano, pita hapo ukiimba, hadithi ipeleke mbele miaka mitatu.

Msukuma Ughaibuni
Mimi niko Uingereza. Makumbusho ya reli ya York hawatozi kiingilio, na watoto wamefikiriwa. Nilitaka mwanangu aone Mallard, kichwa cha mvuke kilichokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Hakugeuza hata shingo. Alikaa kwenye kiti cha Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Wajapani, akasubiri iondoke. Kumwambia haiendi popote, kilio chake walikisikia hadi getini. Waandaeni kabisa nyumbani: hizi treni zimestaafu.

Mzee wa Mwanza South
Mwanangu Mama Kulwa, mimi nimekula mkate wa reli. Anza hapa hapa nyumbani. Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na ile ile bado inatumika. Ukipata mwenyeji wa bandarini, omba ruhusa rasmi watoto waone MV Umoja. Hiyo meli ina reli juu ya sitaha, mabehewa yanaingizwa humo yanavuka ziwa. Wajukuu zangu waliona behewa "likipanda meli" na hawakutaka tena habari za katuni.

Na huko Nairobi beba kamba ya mita moja. Reli ya zamani upana wake ni mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma, mtoto apime mwenyewe pale uani ambapo vichwa vimelala. Si kwenye njia inayopita treni, nasisitiza! Ukirudi waambie ya SGR inayojengwa kwenda Isaka ni milimita 1,435. Kamba haitafika, watakuuliza kwa nini, hapo jiandae.

Mama Kulwa
Mzee shikamoo, kamba nimeshaikata. Shangazi, nimecheka hadi machozi, simba tunamruka. Sasa pale mpakani Sirari wanataka nini kwa watoto?

Baba Neema
Kila mtoto hati yake ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usije ukasumbuliwa. Beba na cheti cha kuzaliwa. Njia ni ndefu, weka michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maji ya kutosha. Makumbusho nendeni asubuhi kabla jua halijakaza, mkitoka ndiyo mle. Ukiwalisha kwanza watalala kwenye benchi, utabeba wawili peke yako.

Shangazi wa Igoma
Baba yao si atakuwepo?

Mama Kulwa
Atakuwepo, ila huyo naye akiona injini utambeba wa tatu.