Gari la familia limezeeka: niweke skrini mpya au nitengeneze kwanza AC na vioo?

BabaArua
Salaam wakubwa kwa wadogo. Nina gari la familia, huu mwaka wa tisa tuko nalo na sitaki kuliuza. Nimeweka kando shilingi za Uganda 1,200,000 za kulifanyia marekebisho kabla ya Desemba, maana tunapanda Arua na watoto wanne pamoja na mama yangu mzazi. Sasa niko njia panda. Kuna hizi skrini kubwa za Android zenye kamera ya nyuma, kila mtu ananisifia. Kuna redio yake ya kuzaliwa, nimeambiwa inafungiwa kidude fulani halafu inashika stesheni zetu. Halafu AC haipoi vizuri na vioo viwili vya nyuma vinasumbua. Pesa haitatosha vyote. Mngekuwa nyie mngeanza na nini?

MwanaTororo
Gari gani, mzee? La mwaka gani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Fundi_Waya
Namuunga mkono hapo juu. Nafunga waya za magari hapa Ndeeba, Kampala, na swali kama hili naletewa kila wiki. Taja gari. Redio iliyomo ni ya CD tu au ina ramani ya Kijapani? AC haipoi kabisa, au inapoa ukiwa mwendoni na kuacha ukikwama kwenye foleni? Vioo havishuki, au vinashuka halafu havipandi? Kila jibu lina bei yake.

DadaEntebbe
Mimi naomba useme ndiyo kwa skrini, na sababu yangu siyo muziki. Sababu ni kamera. Kwetu uani wanacheza watoto wa nyumba sita. Gari lenye kioo cha nyuma kilichoinuka halikuonyeshi mtoto wa miaka miwili aliyechuchumaa nyuma ya bampa, hata ugeuke shingo mpaka iume. Tangu nifungiwe kamera sijarudi nyuma hata siku moja bila kuiangalia. Nililipa 550,000, skrini na kamera na kufungiwa. AC unaweza kufungua dirisha, lakini mgongoni huna macho.

Afande_Mstaafu
Dada, kamera nakubaliana nawe. Ila kamera inauzwa peke yake na kioo chake kidogo cha kubandika, si lazima ung'oe dashibodi nzima. Gari lilivyotoka kiwandani liliwekewa vitu vyake kwa hesabu. Corona yangu ina redio ileile, taa zilezile, hita ileile. Vikiharibika natengeneza, sibadilishi.

BabaArua
Samahani wakuu, nilisahau. Ni Toyota Wish ya 2004, injini 1800, viti saba. Redio ina ramani ya Kijapani na CD imekwama ndani. Naipata CBS 88.8 na 89.2 basi, Capital hainasi. Nikifika Arua nataka Radio Pacis 90.9 kwa ajili ya mama, nayo haishiki.

MwanaTororo
AC je? Vioo je? Hujajibu.

Fundi_Waya
Atajibu. Hili la redio nilieleze vizuri kwa sababu watu wengi wanauziwa vidude wasivyovihitaji.

Redio za Japani za umri huo zinashika FM kuanzia 76 hadi 90. Sisi stesheni zetu zinakwenda mpaka 108. Ndiyo maana unasikia CBS ukaikosa Capital ya 91.3. Kile kidude kinakaa kwenye waya wa antena, kinateremsha mawimbi kwa namba fulani ili yaingie ndani ya 76 na 90. Madukani vingi ni vya kuteremsha 20. Sasa piga hesabu: Simba ya 97.3 utaikuta 77.3, sawa. Lakini Capital 91.3 toa 20 inabaki 71.3, redio haifiki huko. Pacis 90.9 inakuwa 70.9, hiyo nayo umeikosa. Na CBS uliyokuwa nayo umeipoteza, labda ufunge swichi ya kukizima kidude.

Tafuta cha kuteremsha 12. CBS 88.8 itakuwa 76.8, Pacis 78.9, Capital 79.3, Simba 85.3. Utakachokosa ni zile za kuanzia 102 na kuendelea. Mimi nauza 40,000 pamoja na kufunga. Muuzaji akishindwa kukuambia kidude chake kinateremsha ngapi, ondoka hapo.

DadaEntebbe
Hesabu yote hiyo kwa kusikiliza redio! Skrini inashika zote mpaka 108, na simu inaungana kwa Bluetooth.

Fundi_Waya
Ni kweli dada, inashika zote. Sina ugomvi na skrini. Nina ugomvi na namna zinavyofungwa.

Mama_Watatu
Hapo kwenye kufunga naomba mnisikilize, hata kama nitarefusha.

Gari langu ni Premio ya 2005. Miaka miwili iliyopita nilipeleka duka moja la hapa Kampala, wakanifungia skrini ya inchi 9 na kamera kwa saa moja na nusu. Nilifurahi, watoto wakafurahi. Wiki iliyofuata tukaliacha siku tatu nyumbani, siku ya nne halikuwaka. Nikawarudia, wakasema betri yangu imekufa. Nikanunua betri mpya 320,000. Baada ya wiki mbili yakawa yaleyale. Kila asubuhi namwomba jirani aniwashie kwa waya zake, mpaka nikaona haya kubisha mlangoni kwake.

Usiku mmoja tunatoka Jinja, mimi na wanangu watatu, mvua kubwa, tuko ndani ya msitu wa Mabira. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Skrini ikazima, taa za dashibodi zikazima, moshi ukaanza kutoka chini ya redio. Unajua Mabira usiku na malori yale. Nikasogea pembeni huku sijui kama nyuma wananiona. Mkubwa wangu akawatoa wadogo zake wakasimama kwenye nyasi kwenye mvua. Dereva wa lori alisimama, Mungu ambariki, akafungua boneti akachomoa kichwa cha betri kwa mikono yake. Moshi ukakoma.

Fundi mwingine alipofungua dashibodi alinionyesha. Soketi ya kiwandani ilikatwa kabisa. Waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe. Waya wa njano wa umeme wa kudumu na mwekundu wa swichi walikuwa wamefungwa pamoja, kwa hiyo skrini haikuwahi kulala. Alipima nikiwa nimesimama pale: gari limezimwa linakula 0.7 ampea. Waya wa kamera ulipitishwa penye bawaba za mlango wa nyuma bila mpira wa kuulinda, ukachubuka, tena ulichukua umeme kwenye taa za nyuma bila fyuzi. Taa za nyuma hazikuwa zinawaka. Nilikuwa naendesha Mabira bila taa za nyuma na sijui.

Kurudisha waya zote kulinigharimu 450,000. Lile duka walisema walifunga sawa na fundi wangu ndiye aliyeharibu. Mpaka leo nikisikia harufu yoyote garini moyo unaruka.

DadaEntebbe
Pole sana mama. Nimetoka sasa hivi kwenda kuangalia taa zangu za nyuma. Zinawaka.

Afande_Mstaafu
Pole mama. Na huyo dereva wa lori ni mtu.

Fundi_Waya
Pole sana, mama. Gari lililolala halitakiwi kula zaidi ya 0.05. Kwa 0.7 betri ya kawaida ya Premio inakauka ndani ya siku tatu, kama ulivyoona mwenyewe.

Mzee BabaArua, ukiamua skrini, nunua na soketi ya Toyota, ile ya pini 10 na pini 6. Inachomekwa kwenye soketi ya gari bila kukata waya hata mmoja. Mtu akishika mkasi mbele yako, mwambie aache.

HajiBombo
Assalam aleykum. Mmezunguka redio tu. Mama mzee anakwenda karibu kilomita 500 kwenye joto la Pakwach na nyie mnazungumza Simba na Capital? AC kwanza. Mzee, jibu swali la fundi.

BabaArua
Wa aleykum salaam Haji. AC inapoa asubuhi, mchana inatoa upepo tu. Nimejaza gesi mara tatu mwaka huu, kila mara 100,000. Vioo vya nyuma: cha kushoto hakishuki kabisa, cha kulia kinashuka na kukwama nusu, nakipandisha kwa kukivuta kwa mikono.

HajiBombo
Laki tatu umezitupa, ndugu yangu. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya petroli. Mfumo umefungwa, ikipungua kuna tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia upepo. Fundi wa AC afanye hivi: atafute penye alama ya mafuta kwenye mabomba na kondensa, ile kama rejeta ya AC, azibe au abadilishe, kisha anyonye hewa yote kwa pampu nusu saa nzima, aone kama geji inatulia, ndipo ajaze gesi ya AC, R134a, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Usikubali mtu akujazie gesi ya jikoni, wapo wanaofanya hivyo, na hiyo inawaka moto.

Halafu fungua kisanduku cha mbele ya abiria, nyuma yake kuna chujio la hewa. Kama halijabadilishwa miaka tisa utakuta vumbi la Uganda nzima. Na angalia feni ya kondensa, labda mchana haizunguki.

Fundi_Waya
Vioo: cha kushoto, bonyeza halafu usikilize. Ukisikia mota inazunguka na kioo hakiendi, ni mtambo wa kuinulia. Kama kimya, jaribu kwa swichi ya dereva. Kikitii kwa dereva, swichi ya nyuma ndiyo mbovu, soko la spea la Kisekka utaipata ya mtumba kwa bei ndogo. Kile cha kulia nahisi mpira wa pembeni umekauka na vumbi. Osha, kausha, pulizia silikoni. Usipake grisi, itashika vumbi zaidi.

MwanaTororo
Na kwa barabara hiyo ya Arua, vioo visipuuzwe! Pale Karuma nyani wako barabarani. Kioo kilichokwama nusu, na mtoto ameshika ndizi, nyani hakuulizi.

BabaArua
Hilo la nyani limenigusa. Mwaka jana walimnyang'anya binti yangu mkate.

Kijana_Mbarara
Mzee, kwa nini usiliuze tu? Hiyo 1,200,000 ongeza juu ya bei ya Wish, chukua ya 2010.

Afande_Mstaafu
Kijana, tangu sheria ya 2018 gari la zaidi ya miaka 15 haliingii tena nchini. Bei ya yaliyo mapya zaidi unaijua? Aliye na Wish inayotembea ailinde.

MwanaTororo
Inatembea, lakini Wish hiyo ya injini ya 1ZZ inakula oili? Mzee, unaongeza oili kila baada ya muda gani? Pistoni za miaka hiyo matundu yake ya kurudisha oili ni madogo, yanaziba. Toyota walikuja kuzibadilisha baadaye. Hakikisha hilo kabla ya safari, AC baadaye. Weka 20W-50 nzito utulie.

HajiBombo
Usimwambie hivyo. 20W-50 kwenye injini ile ni kuificha shida. Abaki na 5W-30, abadilishe mapema, apime kila akijaza mafuta.

MwanaTororo
Haji, mimi yangu nimeitia 20W-50 miaka minne na moshi uliisha.

HajiBombo
Moshi uliisha au uliacha kuutazama? Asubuhi injini ikiwa baridi oili nzito inachelewa kupanda juu.

BabaArua
Naongeza kama lita moja kila kilomita 2,000. Sikujua ni shida. Jambo lingine, kuna taa nyekundu ya mtu mwenye duara kifuani inawaka tangu mwezi wa tatu, fundi wa mtaani alisema ni sensa tu.

Fundi_Waya
Hilo ndilo ungeanza nalo, mzee! Hiyo ni taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali. Ikiwaka maana yake siku ya ajali inaweza isifunguke. Honi yako inalia kila mara?

BabaArua
Inalia ukikata usukani kulia. Ukinyoosha hailii.

Fundi_Waya
Basi ni ule utepe wa waya unaozunguka chini ya usukani, umekatika. Honi na eabegi ya dereva zinapita humo. Usinunue wa mtumba, huo ni wa kununua mpya. Na wakati unaufungua, chomoa betri kwanza na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya za njano za eabegi.

Mama_Watatu
Pia chukua namba ya chasi ukaiangalie kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. Eabegi za kampuni ya Takata za miaka hiyo ziliitwa kurudishwa kwa sababu joto na unyevu vinaharibu baruti yake, ikilipuka inarusha vyuma. Huenda magari yetu yalikuja huku kabla hayajarekebishwa.

BabaArua
Nimeandika yote. Jumamosi naingia Kisekka kwa ajili ya swichi na huo utepe wa usukani, kisha AC kwa mtu mwenye pampu. Skrini bado inaniuma, watoto nimeshawaahidi.

DadaEntebbe
Kamera peke yake basi, mzee. Usiiache kamera.

MwanaTororo
Na oili? Usiende Arua na lita moja kila kilomita 2,000 bila galoni kwenye buti.

Kijana_Mbarara
Samahani kuingilia, mimi nina Noah, mlango wa kuteleza wa umeme unafunguka nusu halafu unalia tu. Nautengeneza au nauzima nitumie kwa mkono?

Fundi_Waya
Ya mwaka gani? Mlango wa kushoto au wa kulia?